Mita ya Umeme na Ubao wa Baba

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Karani,

Mama ndiye aliyesema, juzi Alhamisi saa nne asubuhi, mbele ya mteja aliyekuja kuulizia mlango: umewekwa kwenye kamati ya watu saba itakayopanga msaada wa serikali kwa biashara. Nilikuwa nimeshika futi mkononi. Mteja akauliza kama ni yule mdogo wangu aliyekuwa akiandika kila kitu kwenye daftari, mpaka majina ya mbuzi. Nikamwambia ndiye huyo huyo. Akacheka, akasema atarudi. Hajarudi.

Salamu sasa. Mama mzima, ila magoti yake hayataki ngazi, kwa hiyo tumemshushia kitanda chumba cha chini. Mpwa wako wa kwanza amemaliza mitihani na anadai mjomba wake alimwahidi kalamu ya wino. Mimi simo katika ahadi hiyo. Wifi yangu mwambie kitambaa alichosema atanitumia mwaka juzi bado nakisubiri, dirisha lipo wazi na majirani wanafaidi.

Karakana ipo. Mafundi ni kumi na mmoja, wale wale, sijamwachisha hata mmoja. Mashine zinawaka kila siku, saa moja asubuhi mpaka adhuhuri, kama Baba alivyotuachia. Ubao wake ule wa mti mgumu umebaki mwembamba kama rula, nimemwambia fundi mkuu atafute mwingine kabla haujapasuka. Januari mwaka jana tulitoa milango sabini na mmoja. Januari hii, tisa. Hakuna anayejenga. Mafundi nimewaahidi watabaki mpaka tarehe 30 Juni. Baada ya hapo sina la kuwaambia.

Swali langu ni moja. Mtatumia kipimo gani kujua nani ameumia na nani anajiliza? Sikupigii simu kwa sababu simu ikikatwa kila mtu anabaki na alichosikia yeye. Nataka maandishi.

Dada yako


Tarehe 21 Februari

Dada,

Barua yako nimeipata na nimeiweka kwenye jalada pamoja na bahasha yake. Unanijua.

Nimefurahi kusikia Mama amehamia chini. Huku wote wazima. Mtoto wetu mdogo ameota meno mawili na amemng'ata daktari. Kalamu nitaileta mwenyewe. Habari ya kitambaa nimeifikisha, sikujibiwa.

Ni kweli nipo kwenye kamati. Tunakutana Jumatatu na Alhamisi katika chumba kimoja chenye meza ndefu na feni iliyokufa. Simu tunaziacha kwenye boksi la kadibodi mlangoni. Mwenyekiti wetu ni mama aliyewahi kusimamia mitihani ya taifa, kwa hiyo ameshazoea kuishi na watu wanaotaka kujua maswali mapema.

Ndiyo maana sitakujibu. Kipimo tumekichagua jana na hakitatangazwa mpaka orodha iwe tayari. Ninachoweza kukueleza ni tatizo lenyewe. Tukimwambia kila mwenye biashara aandike hasara yake, nchi nzima itafilisika kwenye karatasi kufikia Ijumaa. Tukipitisha msaada benki, watapata wale wenye hati za majumba. Tukituma wakaguzi kila duka, mwaka utakwisha na maduka yatakuwa yamekwisha pia. Tulitaka kitu ambacho kimeshaandikwa na mtu asiyekuwa na sababu ya kudanganya. Tumekipata.

Isitoshe, umeniandikia mwenyewe kwamba mashine zinawaka kila siku. Wapo wenzako ambao zimekwisha kuota kutu. Nakuomba usijiweke mbele ya wasio na kitu.

Na jambo dogo. Hapa hakuna anayejua kwamba karakana hiyo ni ya familia yangu. Naomba ibaki hivyo.

Mdogo wako


Tarehe 9 Machi

Karani,

Barua yako umeiandika tarehe 21. Muhuri wa posta ya kwenu unasema tarehe 1 Machi. Siku nane ilikuwa wapi? Na gundi ya bahasha ni ya aina mbili: ya chini ya njano, ya juu nyeupe. Mimi ni seremala, gundi naijua.

Tumshukuru Mungu kwa uzima. Mama anakusalimu. Amesema uache kula ukiwa umesimama. Mpwa wako anaandika kwa penseli.

Unasema nisijiweke mbele ya wasio na kitu. Februari tumetoa milango kumi na miwili. Mwaka jana mwezi huo ilikuwa sitini na tisa. Hapo nani asiye na kitu?

Sasa nieleze hili. Jirani yetu wa kushoto, yule mchomeleaji tunayemwita Mageti, alisafiri kuja huko kwenu wiki iliyopita. Alirudi Jumamosi. Jumatatu nyuma ya banda lake kukawa na jenereta mpya, imefunikwa gunia kama maiti. Nikasimama kwenye uzio nikamuuliza.

"Mageti, umeme wa nguzo umekukosea nini?"

"Haujanikosea, dada. Nabadilisha hewa tu."

"Na safari ilikuwaje?"

"Nzuri. Nilifika mpaka kwa Karani. Nyumba yake nzuri. Nimekunywa chai."

"Alikwambia nini?"

"Aah, dada, mambo ya wanaume."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Tangu lini wewe na Mageti mkawa na mambo ya wanaume? Alikuwa anakufichia viatu ukienda kuogelea.

Mtu anatoka nyumbani kwa mjumbe wa kamati, anakuja kununua jenereta. Mimi ndugu yako naambiwa kipimo ni siri. Unaniomba pia nisiseme kwamba karakana ni yetu. Kwa faida ya nani? Baba alichonga jina lake juu ya ule mlango kwa patasi. Au siku hizi linakutia aibu?

Nijibu hayo mawili tu: umemwambia nini Mageti, na jina la Baba limekukosea nini.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Poleni na mvua, nimesikia kwenye taarifa. Naomba paa la chumba cha Mama liangaliwe upande wa tangi. Huku salama.

Kuhusu gundi: barua zote zinazotoka kwa wajumbe zinapita kwa Mwenyekiti. Anasoma ukurasa wa kwanza, anafunga tena. Alikaa nayo siku nane kwa sababu alikuwa na mafua. Aliniambia tu, "Ndugu yako ana wasiwasi kama mama mkwe." Nilimwachia aamini kwamba una duka la vitambaa. Habari ya karakana niliiandika ukurasa wa pili, kwa bahati hakuufikia, na kuanzia hii napeleka posta mwenyewe.

Kuhusu Mageti: alifika nyumbani. Sikutoka chumbani. Wifi yako alimpa chai, akakaa saa moja na nusu akisifia dari, akaondoka. Sijamwambia neno. Amini au usiamini.

Sasa na mimi nina swali. Barua yako ya kwanza haikuuliza kama utapata msaada. Iliuliza kipimo. Mtu aliyeumia huuliza msaada unakuja lini. Anayeuliza kipimo ana jambo anataka kulirekebisha. Sitaki kukufikiria hivyo, lakini nimekaa miezi mitatu nikisoma barua za watu wanaoomba, na nimeanza kuwasikia hata usingizini. Yupo aliyetuletea picha ya duka lililoungua. Duka lilikuwa limeungua miaka tisa iliyopita.

Hata ukikijua kipimo, hakitakusaidia. Miezi inayopimwa imekwisha kupita. Ni Januari, Februari na Machi. Tulifanya hivyo makusudi, ili mtu asiweze kujipaka vumbi baada ya kusikia tangazo. Kwa hiyo hata huyo Mageti na jenereta lake la Machi hajaambulia chochote.

Jaza fomu kama watu wengine. Sehemu ya mmiliki andika jina lako. Sehemu ya ndugu walio serikalini, fikiria mwenyewe.

Mdogo wako


Tarehe 10 Mei

Karani,

Mama anaendelea vizuri. Paa limezibwa. Salamu zimekwisha.

Mwenyekiti wako amesema juzi Jumatatu, kwenye taarifa ya saa mbili asubuhi, kwamba kipimo ni mita ya umeme. Yuniti za Januari hadi Machi mwaka huu zimelinganishwa na za mwaka jana. Zikishuka kwa asilimia thelathini na tano au zaidi, serikali inalipa nusu ya mishahara ya wafanyakazi kwa miezi sita. Zisiposhuka kiasi hicho, hakuna kitu. Orodha imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya wilaya. Nilifika saa tatu, nikakuta watu wanasoma kwa vidole.

Sisi tumeandikwa: matumizi yameshuka kwa asilimia ishirini na saba, ombi limekataliwa. Milango imeshuka kutoka mia mbili na nane mpaka thelathini na mmoja. Mita haikuuliza milango.

Mageti yumo. Ameshuka kwa asilimia tisini na nne. Alikuwa na wachomeleaji tisa, aliwatoa watano Januari, na sasa analipiwa nusu ya mishahara ya wanne waliobaki.

Nitakwambia jambo ambalo sikuwahi kukwambia. Kila asubuhi nawasha randa, msumeno wa meza na feni ya kunyonya unga wa mbao, naziacha zikiwaka mpaka adhuhuri. Hazichani chochote. Siku nyingi hakuna ubao wa kuchana. Nawasha ili mtaa usikie. Muuza mbao hupita na lori lake kila siku kati ya saa tatu na saa nne, kioo kimeshushwa. Karakana iliyo kimya haipewi mbao kwa mkopo tena. Januari ameshawaacha maseremala wanne wa mtaa huu, na wote wanne wamefunga. Mafundi wangu nao wakizisikia kutoka kona ya kinyozi, wanakuja kazini wakitembea kama watu wenye kazi. Wanarekebisha vitanda vya zamani, wananoa, wanafagia. Wapo.

Kwa hiyo aliyezima mashine na kufukuza watu ameonekana ameumia. Aliyewabakiza ameonekana ana afya. Ni akili ya nani hii? Nataka jina. Maana aliyeipanga ama hajawahi kukanyaga karakana, au ameikanyaga na anajua vizuri sana anamkata nani.

Zimebaki siku hamsini na moja kufika tarehe 30 Juni. Rufaa mwisho wake tarehe 20 Juni. Niandike nini?

Dada yako


Tarehe 24 Mei

Dada,

Tumepokea habari za paa. Watoto wazima. Wifi yako anaumwa meno, hajambo kidogo.

Ni akili yangu.

Nilipendekeza mimi, tarehe 20 Februari, mbele ya watu sita. Nakueleza nilikoitoa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikifanya hesabu za shule kwenye chumba cha nyuma, ukuta mmoja na karakana. Randa ikilia, Baba ana kazi. Ikinyamaza, hana, na siku hiyo tulikuwa hatuulizi kitu mezani. Sikuhitaji kuambiwa. Niliwaeleza wajumbe kwamba mwenye biashara anaweza kusema uongo, mhasibu wake pia, ila mashine inakula umeme kwa kazi inayofanya. Wakakubali wote. Mwenyekiti alisema ni mara ya kwanza amesikia wazo lenye sauti.

Sasa kuhusu hadithi yako. Kipimo kilitangazwa Jumatatu tarehe 8. Wewe umeandika Jumatano tarehe 10, na tayari una maelezo kwa nini umeme wako haukushuka: mashine zilikuwa zikiwaka bure. Mtu gani anachoma umeme miezi mitatu, wakati wa dhiki, ili muuza mbao apite akisikiliza? Mezani kwangu nina rufaa mia moja na sita zilizofika ndani ya wiki mbili. Sabini zinasema mita ni mbovu. Moja inasema kulikuwa na mganga aliyekuwa akichomeka pasi usiku. Dada, ungekuwa wewe ndiye unayeketi hapa, barua yako ungeiweka rundo gani?

Sikuiti mwongo. Nasema sina cha kuwaonyesha. Neno la mwombaji baada ya tangazo halina uzito, na neno la ndugu wa mjumbe lina uzito wa kunifukuzisha. Nina watoto wawili na nyumba ya serikali.

Andika rufaa fupi. Usinitaje.

Mdogo wako


Tarehe 3 Juni

Karani,

Mama mzima. Nimemsomea barua yako yote. Akasema, "Kumbe hakuwahi kujua."

Basi ujue. Randa uliyokuwa ukiisikia kwenye chumba cha nyuma, nusu ya siku hizo nilikuwa naiendesha mimi. Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba akiwa hana kazi, anaiwasha, ananipa ubao mmoja wa mti mgumu, analegeza kisu mpaka kiwe kinalamba tu. Napitisha ubao mara tatu nne kwa asubuhi, ili mlio ubadilike. Randa isiyopitisha ubao hulia sauti moja, na anayejua anajua. Baba aliniambia nisikwambie wewe, kwa sababu ukiwa na wasiwasi hesabu zako zinaharibika. Ukimya uliokuwa ukiusikia si siku zote alizokosa kazi. Ni zile tu nilizokuwa shuleni.

Ubao huo ninao. Alipofariki ulikuwa unene wa vidole viwili. Sikuugusa miaka sita, mpaka Januari hii.

Habari ya Mageti nimeimaliza. Nilimfuata bandani kwake, nikamshika mkono.

"Jenereta ulinunua kwa nini? Niambie ukweli, leo sina mzaha."

"Mita yangu iliungua, dada. Wiki ya kwanza ya mwaka. Nimeripoti mara tano, hakuna aliyekuja."

"Na ulikuwa unachomelea kwa kitu gani?"

"Nilivuta waya kwa kinyozi. Machi akanifukuza, anasema mashine yake ya kunyolea inakohoa nikichomelea. Ndiyo nikaenda kununua jenereta."

"Sasa huo msaada?"

"Hata mimi nimeshangaa. Lakini wewe ungekataa?"

Kinyozi amenyimwa. Umeme wake ulipanda.

Kwa hiyo Mageti hukumwambia kitu. Hapo nilikukosea. Ni hapo tu.

Unasema huna cha kuwaonyesha. Unasema pia unahifadhi kila kitu na bahasha yake. Isome barua yangu ya tarehe 4 Februari, ile uliyoona kwamba inauliza maswali ya mwizi. Soma aya ya tatu. Kisha angalia muhuri.

Siandiki tena.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Dada,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Mama.

Nimeisoma. Jalada la pili, karatasi ya kumi na nne. Muhuri wa posta ni wa tarehe 6 Februari, wiki mbili kamili kabla sijataja neno mita mbele ya mtu yeyote. Umeandika kwamba mashine zinawaka mpaka adhuhuri, na mstari unaofuata umesema ubao wa Baba umebaki kama rula. Nilikuwa nimepiga mstari kwa penseli chini ya "mashine zinawaka kila siku". Pembeni, kwa mwandiko wangu, imeandikwa: hali si mbaya. Habari ya ubao sikuipigia mstari. Nilidhani unazungumzia kumbukumbu ya marehemu.

Kuna jambo nimekuwa nikilikwepa tangu Februari. Katika kikao kile cha tarehe 20, mjumbe mmoja aliuliza kama hatutawaacha watu wenye shida ambao bado wanafungua milango yao asubuhi. Nilijibu kwamba naijua karakana moja ya milango, mafundi kumi na mmoja, mashine zake zinawaka kila siku, haina haja ya msaada. Nilikuwa nakusema wewe. Swali hilo halikurudi tena mezani.

Jumatatu nilipeleka barua zako zote kwa Mwenyekiti, na bahasha zake, na ile fomu niliyosaini Januari ya kutaja ndugu wenye biashara, ambayo niliandika hakuna. Alisoma kwa dakika ishirini. Feni bado imekufa.

"Hii karakana ni ya nani?"

"Ya baba yangu. Sasa anaisimamia dada."

"Lile duka la vitambaa?"

"Halikuwahi kuwepo."

"Na umekaa kwenye meza hii miezi mitano?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Toka nje ukae kwenye benchi."

Nilikaa dakika hamsini. Waliponiita, kiti changu kilikuwa kimeondolewa, nikasimama. Yeye alikuwa na karatasi moja mbele yake. Mageti yumo, kinyozi yumo, wewe umo. Alisema, "Tumelipa ukimya. Tulitaka watu wabaki kazini, tukaenda kupima umeme." Hakunitazama aliposema.

Waliyoamua ni haya. Mimi si mjumbe tena kuanzia jana. Suala la nyumba litaamuliwa na idara, sijui lini. Mita itabaki kwa waliokwisha kupita, hawatanyang'anywa. Waliokataliwa lakini wamebakiza angalau nusu ya wafanyakazi wa mwaka jana watasikilizwa upya, na kitakachohesabiwa ni wafanyakazi waliopo na kazi iliyotoka, si yuniti. Rufaa yako ilifika tarehe 12, imo ndani ya muda. Hakuna aliyeahidi kwamba utapata. Mjumbe mmoja amesema waziwazi kwamba barua kati ya ndugu wawili inaweza kupangwa, hata muhuri. Amesema kama ubao upo, auone kwa macho yake.

Kikao cha kwanza ni Jumanne tarehe 27 Juni, ghorofa ya pili, chumba namba sita. Wewe ni wa nne, saa tano asubuhi. Ufike saa tatu, mlangoni wanachelewesha watu. Lete orodha ya mafundi kumi na mmoja yenye saini zao, na daftari la oda la mwaka jana na mwaka huu. Mageti amekubali kuja kueleza habari ya mita yake. Nimempigia, alidhani namtania.

Mimi nitakuwa kwenye benchi lile lile la nje. Wameniorodhesha shahidi, baada yako.

Ubao ufunge kwa gunia na kamba pande zote mbili, usipasuke njiani.

Mdogo wako